Malkia wa Marijani Hakushuka

Kwenye msiba wa Nasra, huko Bunju alikokwenda kuzeekea kwa mwanawe, binti yake mkubwa alinipokea mlangoni, akanivua viatu kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu magoti yangu hayakunjiki tena, akanikalisha mkekani katikati ya wanawake waliokuwa wakisoma. Kisha akawaambia, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Huyu ni Bi Marta. Ndiye aliyekuwa akimshonea marehemu nguo, enzi za usichana wao." Wanawake wakaniangalia kwa upole, mmoja akanisogezea mto. Nilisema poleni, nikaitikia yaliyopasa kuitikiwa, nikala wali niliowekewa. Lakini kifuani kiliamka kitu nilichodhani nimekizika kabla hata binti yule hajazaliwa. Maneno yale hakuyatunga yeye. Aliambiwa. Nasra aliolewa, akazaa, akalea, akawasimulia wanawe ujana wake mara nyingi, na mahali pangu katika masimulizi hayo palikuwa nyuma ya cherehani.

Nilimshonea, ni kweli. Nilimshonea joho la kimalkia, kwa mkono, katika mwaka ambao Waingereza walikuwa wakimtawaza malkia wao na mji mzima wa Dar es Salaam ukapambwa vibendera. Lakini kabla ya kushona, mimi na yeye tuliijenga dola nzima. Tuliipa jina, tukaipa sheria, tukawapanga watu wake tabaka kwa tabaka, wa juu na wa chini, na namna kila mmoja atakavyomwamkia mwenziwe. Nasra sasa yuko chini ya udongo, na wote waliomo katika habari hii wamekwisha kwenda. Majina ninayoyatumia si yao. Naona naweza kusema.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mie na kaka yangu, Yohana, karani wa reli, tulipanga chumba Kinondoni katika nyumba ya baba yake Nasra. Kinondoni ya wakati ule ilikuwa nyumba chache za udongo na makuti katikati ya minazi na mashamba ya muhogo, na barabara yake ilikuwa mchanga mtupu. Nyumba yetu ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, na duka mbele. Baba yake Nasra alikuwa Mwarabu wa kuzaliwa hapa hapa, mweusi wa rangi, mpole, mwenye kuuza nazi, sukari, dengu na mafuta ya taa. Chumba changu kilipakana na cha Nasra. Kuta za nyumba zile hazikufika juu kabisa. Zilikoma chini ya boriti, na nafasi iliyobaki ilipitisha hewa, harufu ya udi, na maneno. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Usiku wa kwanza nilikuwa nikipiga chafya kwa moshi wa udi wake, sauti ikapanda kutoka upande wa pili wa ukuta, "We mgeni, nizime?" Nikasema, "Acha tu, unanukia." Akacheka. Kesho yake akaja na sahani ya vitumbua, akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa, akaanza kugusa vitu vyangu kimoja kimoja: msalaba ukutani, pasi, kikapu cha nyuzi. Hakuna mtu aliyewahi kunipenda haraka namna ile, na mie sikujizuia. Ugenini mtu huwa na njaa ya kuitwa jina lake.

Katika chumba cha mwisho, karibu na ua, alikuwa akikaa bibi yake Nasra, mama mzaa baba. Tulimwita Bibi. Alikuwa mdogo wa umbo, safi, hatoki nje, na watu wote wa mtaani walijua kwamba ni mtu wa Lamu, binti wa nyumba kubwa. Hivyo ndivyo familia ilivyosema, na mimi sikuwa na sababu ya kudhani vingine, mpaka siku ile kaka alipopokea kifurushi kutoka nyumbani kwetu Unyamwezi. Ndani yake kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwakatwa na kukaushwa juani. Niliichemsha uani pamoja na karanga zilizotwangwa, kama mama alivyonifundisha. Ilikuwa alasiri, Nasra amekaa karibu yangu akisuka ukili. Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka, Bibi akatoka ameshika ukuta, akaja mpaka jikoni, akaitazama sufuria. Akaniamkia kwa Kinyamwezi. Si neno moja alilolisikia mahali akalishika. Aliniamkia maamkizi kamili, kwa lafudhi ya vikongwe wa kwetu, kisha akauliza kama viazi vile vya mwaka huu au vya mwaka jana. Nilimjibu kabla sijatambua nimejibu kwa lugha gani. Nasra alikuwa ameacha kusuka.

Tulimwingiza chumbani kwake, tukafunga mlango, akala michembe ile kwa vidole, taratibu, macho yamefumba. Ndipo akatueleza. Alitekwa akiwa mtoto wa kuteka maji. "Nilikuja kwa miguu," alisema. "Njia ndefu, mavumbi vichwani. Sikuijua bahari. Nilipoiona nilidhani ni mbingu imeanguka." Aliuzwa Bagamoyo, akaingia nyumba ya Mwarabu, akakua humo, akafanywa suria, akamzaa baba yake Nasra. Bwana yule alipokufa walihamia Dar es Salaam, na mahali fulani njiani pakazaliwa habari ya Lamu. Hakulia alipokuwa akisimulia. Nasra ndiye aliyelia, amelaza kichwa mapajani kwa bibi yake. Tulipotoka alinishika mkono ukumbini, akanibana kwenye ukuta. "Marta, shoga yangu, apa." Nikamwambia naapa. "Apa kwa mama yako." Nikaapa kwa mama yangu. Tangu siku ile aliniita dada, na mie nilidhani ni kwa sababu damu ya bibi yake ilitoka kwetu. Nilidhani siri ile imetuunga.

Mtaani kwetu kulikuwa na chama cha ngoma cha wanawake, jina lake Shani Njema. Mwenyekiti alikuwa Bi Mwanahawa, mjane mnene mwenye sauti ya chini, anayeogopwa na wanaume wa serikali ya mtaa kuliko wake zao. Habari za kutawazwa kwa malkia wa Waingereza zilipozagaa, na vyama vyote vya ngoma vikaombwa vitoe michezo, Bi Mwanahawa alisema Shani Njema haitacheza chini ya picha ya mzungu na kurudi nyumbani. Itakuwa na malkia wake na dola yake, yenye watu wa daraja zote, na dola hiyo haitafanana na ya mtu yeyote. Nasra alisifika mtaani kwa kutunga nyimbo. Akapewa kazi ya kuibuni. Alikuja chumbani kwangu na ungo kichwani na mifuko ya nafaka kutoka dukani kwa baba yake. "Mie peke yangu siwezi," akasema. "Wewe umesoma. Tukae tuijenge."

Wiki zilizofuata ndizo nilizozipenda kuliko zote za ujana wangu, na ndiyo maana zinaniuma. Kila alasiri, Nasra akishamaliza kusali, tulikaa chini ukumbini, ungo katikati yetu. Tuliamua kwamba dola yetu iko chini ya bahari, na nyumba zake ni za marijani, na jua huwafikia watu wake likiwa kijani. Tukaiita Dola ya Marijani. Kungumanga moja tuliiweka katikati: huyo ni Malkia. Dengu walikuwa Washika Mwezi, watu wanaovuta mwezi kwa kamba ili maji yajae na kupwa. Choroko walikuwa Wasuka Mawimbi. Mbaazi walikuwa Watunza Taa, wanaochunga samaki wang'aao wasizimike. Nasra alipanga maamkizi. Wa daraja la nne akikutana na wa tatu atagusa kiwiko chake. Wa tatu atagusa bega mbele ya wa pili. Alikuwa na kipaji cha ajabu cha kuona tofauti. Aliniambia kila daraja litafunga kanga kwa namna yake, litakula kwa chombo chake, litaziba kicheko kwa mkono wake, wa kulia au wa kushoto. Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza maswali ya jikoni.

"Mji huu uko chini ya bahari," nilimwambia siku moja. "Mchanga hauingii ndani ya nyumba?"

"Unaingia."

"Anautoa nani?"

Alifikiri, akachota kunde gao moja, akazimimina ukingoni mwa ungo. "Hawa. Wachukuzi wa Mchanga. Wasipochukua siku moja, mji unafukiwa."

"Basi wao ndio wakubwa."

"Wee! Wao ni wa chini kabisa. Dola isiyo na wa chini haiwi dola, Marta, inakuwa soko."

"Na wa chini na awe wa chini kwa zamu."

Alinitazama. Nikamweleza nilichokuwa nikikiwaza tangu siku ya michembe: kwamba mara moja kila mwaka maji ya dola ile yatapinduka, ya juu yaende chini na ya chini juu. Siku hiyo ngoma zitanyamaza, Malkia atashuka mwenyewe kutoka kitini, atapokea kikapu cha mchanga mkononi mwa mchukuzi, na mchukuzi atapanda kukaa mahali pake. Hivyo hakuna atakayemdharau mwenziwe, kwa kuwa hajui mwakani ataamka wapi. Nasra akaishika kungumanga, akaiburuta polepole mpaka ukingoni kwa kunde, akasema, "Hapo watu watalia." Tukaiita sheria hiyo Kupinduka kwa Maji, na tukakubaliana kuwa ndiyo itakayofunga mchezo. Yeye atakuwa Malkia, maana wanachama walikwisha kumchagua kwa uzuri wake. Mie nitakuwa Mshika Mwezi. Nilianza kujishonea gauni la buluu.

Kijana wa Bi Mwanahawa, Seif, alikuwa akimtaka Nasra. Jambo hilo lilikuwa likizungumzwa kichini chini na wazee, na Bi Mwanahawa alianza kuja nyumbani mara kwa mara, kwa habari ya ngoma na kwa habari ya posa. Alasiri moja nilikuwa kitandani na homa. Upande wa pili wa ukuta walikaa watatu: yeye, Nasra na mama yake Nasra. Nilisikia vikombe. Nilisikia Bi Mwanahawa akiuliza, "Na huyu mpangaji wenu, mtu wa bara?"

"Mnyamwezi," mama yake Nasra akajibu. "Lakini mtoto mzuri. Mkono wake mwepesi kwa sindano."

"Sisemi si mzuri. Nauliza atasimama wapi. Siku ile watakuja watu wa Kariakoo, watakuja watu wa Bagamoyo, wote watatutazama. Babu zake walikuwa wapagazi. Tusichanganye mchele na chuya."

Nasra akasema kitu kwa sauti ndogo nisichokishika, na wote watatu wakacheka. Nililala nikitazama boriti. Nilijiambia kwamba amenitetea kwa mzaha, kama alivyokuwa akifanya kila siku, ndiyo maana wakacheka. Alipokuja jioni kunipa uji aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema homa inashuka. Sikumwuliza. Mtu unayempenda humwulizi swali ambalo jibu lake linaweza kukulazimisha uondoke. Katika majuma yaliyofuata aliacha kuja na ungo. Alisema kazi imekwisha, sasa ni mazoezi, na mazoezi yakifanyika nyumbani kwa Bi Mwanahawa, mie nikawa nashona. Nilishona joho la Malkia kwa kitambaa chekundu, nikatia nakshi za mawimbi na matawi ya marijani kwa uzi mweupe, mpaka ncha za vidole zikafa ganzi.

Siku ya mchezo uwanja ulijaa. Walikuja wanaume wakasimama nyuma, walikuja wazungu wawili na wake zao wakakalishwa vitini, na Bibi aliletwa kwa kiti chake cha kamba, akawekwa mbele kivulini pamoja na mabibi wengine, kama inavyomstahili mama wa mwenye nyumba. Kiti cha enzi kilikuwa meza mbili zilizopandishana, zimefunikwa zulia. Mwitaji akaanza kuita watu kwa daraja. Nilisimama upande, gauni langu la buluu limefunikwa kanga, nikingoja. Washika Mwezi wakaitwa, wanawake sita. Jina langu halikutajwa. Nilidhani amesahau. Niliangalia walioitwa, na polepole, jinsi unavyogundua umekanyaga mwiba, nikaona kwamba wote ni wenyeji wa pwani wenye majina ya nyumba zao. Wasuka Mawimbi vivyo hivyo. Watunza Taa walikuwa watoto wa watumishi wa nyumba hizo. Na mwitaji alipofika kwa Wachukuzi wa Mchanga akataja majina matano, la kwanza likiwa langu, na wengine wanne wakiwa wanawake kutoka bara: Mngoni, Mmakua, na dada wawili wa Kimanyema waliokuwa wakiuza ndizi. Mtu akanitoa kanga mabegani, akanifunga gunia kiunoni juu ya buluu yangu, akanipa kikapu.

Ningeweza kuondoka. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikuondoka, na jibu ni dogo: nilikuwa naingojea sheria. Nilijiambia, Nasra amebanwa, hakuweza kunipandisha mbele ya mama mkwe, lakini mchezo una mwisho wake na mwisho wake ni wetu. Atashuka. Labda ndivyo alivyotaka, anishukie mimi mwenyewe mbele ya watu wote. Kwa hiyo nilijitwika kikapu, nikacheza. Ndipo wakaimba wimbo wa wachukuzi, ambao sikuwahi kuusikia, na ambao Nasra alikuwa ameutunga:

*Mchukuzi kaja kwa miguu,*
*Njia ndefu, mavumbi vichwani;*
*Hajui mwezi ulio juu,*
*Kazi yake mchanga wa chini.*

Niligeuka kumtazama Bibi. Mabibi wote waliokuwa kivulini walikuwa wakipiga makofi kufuata ngoma, na yeye alikuwa akipiga makofi pamoja nao. Hakukosa mdundo. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu asiyesikia, na macho yake yalipita juu yangu yakaenda kwenye minazi.

Kisha ngoma zikanyamaza. Nikapiga magoti mbele ya meza zile, nikainua kikapu kwa mikono miwili. Nasra alikuwa juu, mwekundu, mzuri kuliko nilivyowahi kumwona. Alinitazama. Nasema alinitazama kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba hakuniona. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa kiti. Kikapu kilikuwa na mchanga wa kweli, na mabega yalianza kutetemeka. Bi Mwanahawa akaanzisha kwa sauti yake ya chini, "Marijani haina kupinduka," na wanawake wote wakadaka, *haina, haina kupinduka*, vigelegele vikapanda, ngoma zikarudi. Mmoja wa wale dada wa Kimanyema akaniambia kwa upole, "Shusha, mwanangu, imekwisha."

Asubuhi yake nilimkuta uani akichagua mchele. Hakuinua macho.

"Mbona hukushuka?" nikamwuliza.

"Mama Seif alisema malkia akishuka, na harusi imeshuka. Marta, ulikuwa mchezo tu."

"Na wimbo?"

"Walitaka wimbo wa wachukuzi."

"Yale ni maneno ya bibi yako. Ameketi pale ukamwimbia maneno yake mwenyewe."

Akaendelea kuokota chuya, akiziweka pembeni ya sinia. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu aelezaye njia ya kwenda mahali, "Wewe ndiye peke yako unayejua. Kama ningekuweka juu, pamoja nasi, siku moja tukagombana ukasema, watu wangekusikiliza. Ukiwa chini, hata ukisema, watasema ni kijicho. Nani ataamini mchukuzi?"

"Niliapa kwa mama yangu."

"Najua."

"Hukuniamini?"

"Nilikuamini," akasema. "Lakini siwezi kulala kwa kumwamini mtu."

Nilirudi chumbani. Jioni nilimpelekea Bibi michembe kidogo iliyobaki. Alinifungulia mlango nusu, akaitazama sahani, akasema kwa Kiswahili safi cha mwambao, kwa sauti ya kusikika ukumbini, "Ahsante, mwanangu, lakini mie si mlaji wa vyakula vya bara. Tumbo langu halijazoea." Akafunga. Nilisimama pale na sahani yangu. Katika yote ya mwaka ule, mlango ule ndio ninaouota bado.

Sikumwambia kaka chochote. Alikuwa mtu mkali katika jambo la heshima, na angetaka kujua kiini. Niliendelea kupika, kwenda kanisani, kupita ukumbini kimya. Mama yake Nasra alikuwa mwema kwangu kuliko zamani, wema ule wa mtu asiyetaka uanze kusema. Ndoa ilikuwa inakaribia kufungwa. Ndipo Bi Mwanahawa alipokuja kwangu mwenyewe. Alibisha hodi, akaingia, akakaa kwenye kiti cha pekee, akaweka kitandani kipande cha satini cheupe. Alisema anataka nimshonee bibi harusi, kwa kuwa hajaona mkono kama wangu. Nikapapasa kitambaa. Akainama mbele.

"Mwanangu, wewe umekaa nyumba hii mwaka mzima. Nasikia ukuta hauna siri humu. Yule bibi, mama wa mwenye nyumba. Nimewauliza watu wa Lamu niwajuao, hakuna anayeijua nyumba yake. Na siku ile ya ngoma, wenzake walipokuwa wakiutazama mchezo, yeye aliangalia minazi kama anayeogopa kuutazama. Wewe ni mtu wa bara. Lugha za huko unazijua. Hebu niambie. Nitaamini utakaloniambia."

Nakumbuka satini ile ilivyokuwa baridi chini ya kiganja changu. Nasra alikuwa amekosea. Mchukuzi angeaminika, mchukuzi alikuwa amefuatwa chumbani kwake na kuombwa. Neno moja tu, na harusi isingekuwapo, na yule aliyeniacha nimepiga magoti mbele ya watu angeshuka mpaka chini, na asingepanda tena. Sitasema sikutamani. Nililitia neno lile mdomoni nikalionja. Halafu nikamwona Bibi alivyofumba macho akila michembe, na nikamwona mama yangu.

"Bibi ni mtu wa Lamu," nikasema.

"Umejuaje?"

"Ameniambia mwenyewe. Aliniambia habari za nyumba yao, na za baba yake."

Aliniangalia muda mrefu, akaridhika. Alipotoka, nilisikia upande wa pili wa ukuta kitanda kikilia. Mtu alikuwa amekaa pale, kimya, wakati wote.

Siku ile nzima nilingoja aje. Niliamini atakuja, na nilikuwa nimekwisha kumsamehe nusu kabla hajaja. Alikuja kesho yake wakati wa alasiri, saa yetu ile ile. Hakukaa kitandani. Alisimama mlangoni.

"Nilisikia," akasema.

"Basi unajua."

"Najua." Alikuwa amelia. "Marta, nakuomba mhame."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie.

"Kila nitakapokuona nitajua kwamba nimo mkononi mwako. Ungenichukia ningejua la kufanya. Lakini hivi ulivyofanya siwezi. Siwezi kuingia nyumba ya watu nikiwa mkononi mwa mtu."

"Nimekuficha, na unanifukuza?"

Alinitazama kama siku ile alipokuwa juu ya meza, na mara hii pia hakushuka. Akageuka, na kanga yake ikapita mlangoni, na hilo ndilo neno la mwisho tulilosemezana kwa miaka na miaka. Tulipokuja kukutana tena, tukiwa watu wazima wenye watoto, tulisalimiana kwa adabu sokoni, tukaulizana afya.

Baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwita kaka dukani, akamwambia anakihitaji chumba kwa ajili ya wageni wa harusi. Kaka akauliza kama kuna kosa. Mzee akasema hakuna, hakuna kabisa, na akaangalia pembeni. Ni mama yake Nasra aliyetoka nyuma ya pazia na kuongeza, kwa sauti ya kusitiri, kwamba kuna satini ya harusi, ile niliyokwisha kuirudisha nzima, ambayo kipande chake hakionekani, lakini wao hawataki kusema mengi, kijana wa watu ni mstaarabu na wamekaa vizuri.

Tulihamia Temeke kwa mkokoteni wa kukodi, vyombo vyetu vimefungwa shuka. Kaka alitembea mbele bila kugeuka mpaka tulipovuka reli. Hapo akasimama, akanitazama usoni. "Mtu hafukuzwi bure, Marta. Niambie umefanya nini." Nilifungua mdomo. Kila jibu la kweli lilipitia kwenye mlango wa Bibi, na nilikuwa nimeapa. Nikamwambia sikufanya kitu. Akatikisa kichwa, akausukuma mkokoteni. Hakunigombeza, wala hakulitaja tena jambo lile. Alinisomesha ualimu, akanioza kwa mtu mwema, akawapenda wanangu. Lakini tangu siku ile, kila alipopokea wageni nyumbani kwake nami nikiwapo, aliinuka taratibu, kama kwa bahati tu, akalifunga kabati. Yohana amezikwa Temeke. Alikufa akiamini kwamba dada yake aliwahi kuiba satini ya bibi harusi.